Kupima Shinikizo la Damu Nyumbani

Anayesafiri kutoka Masasi kwenda Newala huyaacha majabali makubwa ya Masasi na kuupanda ukingo mkali wa Uwanda wa Makonde. Juu ya uwanda huo maji ni haba, na kwa miaka mingi yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka chemchemi za mabondeni. Wanafunzi wa huko hawahitaji kuelezwa kwamba pampu ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi, au njia ya maji ikisongwa, kuta za mabomba huelemewa. Moyo na mishipa ya damu hufuata kanuni hiyo hiyo.

Nguvu ambayo damu huzikandamizia kuta za mishipa ndiyo iitwayo shinikizo la damu, au presha kama wasemavyo wengi. Hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa tarakimu mbili, kwa mfano 120/80. Ya juu ni shinikizo wakati moyo unapojikaza. Ya chini ni wakati unapopumzika. Kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, milimita 120 za zebaki ni sawa na safu ya maji ya kimo cha mita 1.6 hivi. Huo ndio mzigo wa kuta za mishipa kila moyo upigapo.

Mtaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza mwaka 1896 kipimo chenye mfuko wa kufungwa mkononi na kujazwa hewa. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza mlio wa mshipa wakati hewa ikipunguzwa. Leo viko vipimo vya umeme vinavyofanya kazi hiyo vyenyewe, na mtu aweza kuvitumia nyumbani.

Kuna haja gani ya kupima nyumbani? Kwanza, maradhi haya kwa kawaida hayaumi. Wengi huyatambua wakati kiharusi kimekwisha kuwapata. Katika uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2000, kati ya watu waliokutwa na shinikizo la juu, waliokuwa wakijua hali yao hawakufika mmoja katika kila watano. Pili, kipimo kimoja cha hospitali chaweza kupotosha. Mtu aliyetembea juani, kisha akaingiwa na hofu mbele ya daktari, huenda akapata 160, ilhali nyumbani shinikizo lake ni la kawaida. Wengine ni kinyume: hospitalini huonekana wazima, nyumbani shinikizo hupanda.

Kwa hiyo yafaa kupima kwa utaratibu. Mpimwaji aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, na mkono umelazwa juu ya meza, usawa wa moyo. Mkono ukishuka sentimita 10 chini ya moyo, kipimo huongezeka kwa milimita 8 hivi, kwa sababu ya uzito wa safu ya damu. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku saba. Vipimo vya siku ya kwanza huachwa, vinabaki 24. Tuseme tarakimu za juu zina jumla ya 3,144 na za chini 1,968: wastani ni 131/82. Kiwango cha kuanzia kuliita shinikizo kuwa la juu ni 135/85 kwa wastani wa nyumbani, na 140/90 kwa kipimo cha hospitali.

Lakini daftari la vipimo halimtibu mtu. Watafiti waliounganisha takwimu za majaribio 25 walieleza mwaka 2017 kwamba kujipima peke yake hakukupunguza shinikizo. Lilipungua pale daktari, muuguzi au mfamasia alipovisoma vipimo, akarekebisha dawa na kumshauri mgonjwa. Kwa mkazi wa Newala au Masasi, basi, daftari halina budi kufika zahanati, au hospitali kama ile ya Mkomaindo au ya Ndanda. Mhudumu wa afya wa kijiji aweza kusaidia kulifikisha, na kipimo kimoja chaweza kutumiwa na jamaa kadhaa kwa zamu, mradi mfuko wake uenee sawasawa mkononi mwa kila mmoja.

Hatari kubwa huja tarakimu zinaposhuka. Mzee huona amepona, akaacha vidonge. Baada ya muda shinikizo hupanda tena pasipo dalili yoyote. Dawa zisiachwe wala kuongezwa bila shauri la mganga. Aidha, kipimo kikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kupooza upande mmoja au ulimi kuwa mzito, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Walimu wa sayansi na hisabati wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuchora grafu ya vipimo vya wiki na kutafuta wastani wake. Mwanafunzi aliyejifunza hayo darasani ataweza kumwandikia bibi yake daftari lisomekalo, na kumkumbusha siku ya kulipeleka zahanati.