Dawa ya Kupuliza Puani: Ndani ya Chupa Mna Nini?

Leo tutazame dawa za kupuliza puani wanazotumia watu wenye aleji, wale ambao wakikutana na vumbi au chavua ya maua hupiga chafya, pua ikawawasha na kutoa makamasi mepesi.

Ndani ya kila chupa mna vitu vya aina mbili. Cha kwanza ni dawa yenyewe, ile inayotibu. Huwa ni kidogo sana: kwa kawaida mpulizo mmoja wa flutikasoni hutoa mikrogramu 50 tu. Vya pili ni visaidizi, kama vile maji safi na kihifadhi cha kuzuia viini visizaane chupani. Visaidizi havitibu, lakini kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kloridi huwasha pua za watu wengine. Mtoto akilia kwamba inamchoma kila mara, mwambie mhudumu wa afya. Huenda akabadilishiwa.

Kwa nini ujue haya? Kwa sababu chupa mbili zaweza kufanana, kumbe dawa ni tofauti kabisa.

Flutikasoni na mometasoni hupunguza uvimbe polepole. Hutumiwa kila siku, na nafuu kamili huchukua siku kadhaa. Usiiache siku ya pili ukidhani haifanyi kazi.

Oksimetazolini hufungua pua kwa dakika chache, lakini haiondoi aleji. Ukipitisha siku 3, pua huweza kuziba zaidi ya awali, nawe ukazidi kupuliza. Usimpe mtoto mdogo bila kuandikiwa na daktari. Tena iweke mbali naye: mwaka wa 2012 idara ya dawa ya Marekani ilionya kwamba mtoto akimeza hata mililita 1 au 2 anaweza kudhurika vibaya. Kijiko cha chai hubeba mililita 5! Anaweza kusinzia mno na moyo wake kupiga polepole. Mkimbize hospitalini mara moja, na chupa uichukue.

Basi ukienda duka la dawa, usiangalie jina kubwa la kampuni pekee. Uliza: dawa yenyewe ni ipi? Nitumie siku ngapi? Inafaa umri wa mtoto wangu? Na kama nyumbani unayo nyingine, ibebe ilinganishwe, usije ukampa mtoto dawa ileile mara mbili.