Bei ya Kushindwa: Mizani ya Ugumu, Ngazi na Hiari katika Michezo ya Mtandaoni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa aliyeshindwa ili apoe na kuridhika. Hata hivyo, yafaa pia kuelekezwa kwa aliyeutunga mchezo. Je, ameuunda kwa namna ambayo mtu anaweza kushindwa, akakubali, na kesho akarudi kwa hiari yake? Makala haya yanaeleza jinsi watungaji wa michezo ya mtandaoni inayochezwa na watu wengi kwa pamoja, ambayo vijana huiita gemu, wanavyojaribu kupatanisha mambo matatu: ugumu wa mchezo, ngazi anazopanda mchezaji, na mapendeleo ya wachezaji wenyewe. Ili kuyafafanua mambo hayo, michezo hiyo inalinganishwa na miwili ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu, yaani bao na kitendawili. Hoja inayotetewa ni kwamba mizani ya mchezo hupimwa kwa bei anayotozwa yule anayeshindwa.

Mahali panaporejelewa ni Kipevu, katika eneo la Changamwe, magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Kipevu hujulikana zaidi kwa mitambo. Hapo ndipo ilipo gati mpya ya mafuta iliyofunguliwa mwaka 2022, na hapo ndipo ilipo mitambo ya umeme ya KenGen, ukiwamo Kipevu III wenye uwezo wa megawati 120 ulioanza kazi mwaka 2011. Isitoshe, Mombasa ni mlango wa kebo za mawasiliano zipitazo chini ya bahari: TEAMS, itokayo Fujairah, iliwasili Juni 2009, SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huo huo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kwa hivyo kijana wa Kipevu mwenye simu na bando anaweza kupambana na mtu wa bara jingine bila kuinuka kibarazani. Swali ni iwapo pambano hilo ni la haki.

Ugumu: funzo la bao

Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64 katika safu nne zenye mashimo manane kila moja. Kila mchezaji ana kete 32. Katika hatua ya kwanza, iitwayo namua, mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja. Zikisha za mkononi, mchezo huingia hatua ya mtaji. Anayeishiwa na kete katika safu yake ya mbele, au anayekosa namna ya kucheza, ameshindwa.

Bao halina dadu wala karata ya kuchanganywa. Maadamu hakuna bahati, fundi akikutana na limbukeni matokeo hujulikana kabla ya kete ya kwanza kuwekwa. Mchezo wa namna hii ungeweza kuwafukuza wanafunzi wote. Kilichouokoa ni kuwapo kwa bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 hupangwa mbili mbili katika kila shimo na wachezaji huanza moja kwa moja na mtaji, bila namua na bila nyumba. Ugumu umepunguzwa, lakini kanuni ya msingi ya kuteka na kusambaza kete imebaki vile vile. Anayejifunza anafundishwa mchezo wenyewe, ila sehemu yake moja kwanza.

Watungaji wa michezo ya mtandaoni wanalikabili tatizo hilo hilo, isipokuwa wachezaji wao ni mamilioni na hawajuani. Njia mojawapo wanayoitumia ni kumwekea limbukeni wapinzani dhaifu wanaoendeshwa na kompyuta. Mwaka 2019, kampuni ya Epic Games ilitangaza kuwa imewaingiza wachezaji bandia wa aina hiyo katika Fortnite, pamoja na utaratibu mpya wa kuwakutanisha wachezaji kwa kadiri ya uwezo wao. Jambo hilo lafanana na bao la kujifunza, lakini lina tofauti moja kubwa. Mtoto anayecheza bao la kujifunza anajua kuwa yumo darasani, ilhali mchezaji wa simu aghalabu haambiwi ndani ya pambano kuwa aliyemwangusha ni mashine. Anajidhania bingwa, na siku anapokutana na watu halisi huvunjika moyo.

Kuwakutanisha wanaolingana

Barazani, watu hujuana. Inafahamika nani ni fundi na nani bado anahesabu kwa kidole, na kila mmoja huketi mbele ya anayemfaa. Mtandaoni ujuzi huo wa kijamii hauko, na nafasi yake imechukuliwa na hesabu.

Hesabu iliyo mashuhuri zaidi ilibuniwa na Arpad Elo, Mmarekani mwenye asili ya Hungaria, kwa ajili ya sataranji. Shirikisho la sataranji la Marekani liliipokea mwaka 1960, na lile la dunia, FIDE, mwaka 1970. Kila mchezaji hupewa alama. Wenye alama sawa wanatarajiwa kugawana ushindi nusu kwa nusu. Tofauti ikiwa alama 200, mwenye nguvu anatarajiwa kuvuna takriban asilimia 76 ya pointi, na ikiwa 400, takriban asilimia 91. Baada ya kila pambano alama hurekebishwa kwa kutazama matokeo yalivyopishana na matarajio. Tuseme kiwango cha juu cha marekebisho ni alama 32. Anayemshinda mwenzake wa daraja moja hupata 16. Anayemshinda aliye chini yake kwa alama 400 hupata karibu tatu tu. Na limbukeni anayemwangusha fundi aliye juu yake kwa alama 400 hupata karibu 29. Kwa ufupi, kumwonea mnyonge hakulipi.

Michezo mingi ya mtandaoni hutumia utaratibu huu au jamaa zake, kama vile TrueSkill, ambao kampuni ya Microsoft iliuunda kwa ajili ya Xbox Live mwaka 2005. Tatizo ni kwamba hesabu hii huhitaji watu wengi walio mtandaoni kwa wakati mmoja. Wakiwa wachache, mtambo hulazimika kuchagua: ama mchezaji angoje sana, ama apewe mpinzani asiyelingana naye, ama apelekwe kwenye seva ya mbali iliyojaa watu.

Hapa ndipo jiografia ya Kipevu inapoingia. Mwanga husafiri ndani ya kebo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa seva iko Ujerumani, umbali wa zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, ujumbe wa kwenda na kurudi hauwezi kupungua milisekunde 60, na kebo halisi hazikunyooka. Zaidi ya hapo huongezwa ucheleweshaji wa mitambo ya njiani na wa mtandao wa simu. Mpinzani anayeishi karibu na seva huona risasi kabla ya kijana wa Kipevu kuiona. Alama zao zaweza kuwa sawa, lakini hawalingani. Hesabu ya Elo huusoma umbali huo kana kwamba ni upungufu wa ujuzi, humshusha mchezaji daraja, na hatimaye humsawazisha na watu walio chini ya uwezo wake halisi. Kwa hivyo idadi ya ushindi inaweza kuonyesha usawa ilhali mchezaji mwenyewe anajua kuwa ameonewa.

Ngazi: funzo la kitendawili

Ugumu peke yake haumweki mtu mchezoni, kwani lazima aone kuwa anakwenda mahali. Katika jambo hili kitendawili kina mafunzo makubwa. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira huitikia "Tega!" Asipopatikana wa kutegua, mtegaji hudai mji. Akipewa mji asioutaka hukataa. Akipewa unaomridhisha huupokea, husimulia safari yake ya huko, kisha hutoa jibu.

Tazama muundo wa kanuni hiyo. Anayeshindwa hulipa, lakini hulipa kwa mji ambao hakuwahi kuumiliki. Mtegaji hutukuzwa, hadhira hucheka, na muhimu zaidi, aliyeshindwa huondoka na jibu. Usiku unaofuata yeye ndiye atakayelitega fumbo hilo kwa wengine. Kushindwa kwenyewe ndiyo ngazi yake.

Katika michezo ya mtandaoni kuna ngazi za aina mbili ambazo ni vyema zitenganishwe. Ya kwanza ni ngazi ya ujuzi: mchezaji analenga vizuri zaidi, anaijua ramani, anaelewana na wenzake. Ya pili ni ngazi ya mali: amefungua silaha mpya, mavazi mapya, au mhusika mwenye nguvu zaidi. Ngazi ya mali ina faida yake, kwa kuwa humpa kitu hata yule aliyeshindwa, na humfunulia mchezo hatua kwa hatua asije akazidiwa. Madhara huanza pale mali inapogeuka kuwa nguvu ya kushindia. Katika bao, kinachokua ni mchezaji, si kete zake: fundi wa miaka 40 na mtoto aliyeanza jana wote wana kete 32.

Mapendeleo: kopa, shupaza, uru na pau

Jambo la tatu ni kwamba wachezaji hawatafuti kitu kimoja. Mwingereza Richard Bartle, aliyeshirikiana na Roy Trubshaw kuunda mchezo wa MUD katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, alichapisha mwaka 1996 makala aliyowagawa wachezaji katika makundi manne na kuyafananisha na karata. Uru ni watafuta mafanikio, wanaokusanya alama na vyeo. Shupaza ni wavumbuzi, wanaochimbua siri za mchezo. Kopa ni watangamano, ambao kwao mchezo ni kisingizio cha mazungumzo. Pau ni wale wanaofurahia kuwaangusha wenzao.

Yeyote aliyewahi kuketi barazani atawatambua wote wanne: anayehesabu mabao aliyoshinda, anayejaribu njia mpya hata kama atashindwa, aliyekuja kwa ajili ya kahawa na gumzo, na anayengoja kumtania aliyefungwa. Bartle alionyesha kuwa makundi haya hutegemeana, na likizidi moja mengine huathirika. Pau wakiachiwa, kopa huhama, na kopa wakihama pau hukosa wa kumwangusha. Barazani mwenye dhihaka iliyopita kiasi hukemewa na wazee. Mtandaoni kazi hiyo huhitaji kanuni zilizoandikwa, njia za kuripoti matusi, na vyumba tofauti kwa wanaotaka ushindani mkali na kwa wanaotaka kujiburudisha tu.

Bei ya kushindwa

Mambo yote matatu hukutana kwenye bei. Mwezi Novemba 2017, kampuni ya EA ilikaribia kuuzindua mchezo wa Star Wars Battlefront II, ambamo mashujaa maarufu walifunguliwa kwa saa nyingi mno za kucheza, huku masanduku ya bahati yenye vitu vya kuongeza nguvu yakiuzwa kwa fedha. Wachezaji waligutuka, na usiku wa kuamkia uzinduzi kampuni ikasimamisha mauzo hayo. Aprili 2018, tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitangaza kuwa masanduku ya namna hiyo katika michezo kadhaa, ikiwamo FIFA 18, yalivunja sheria ya kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza alama za FIFA nchini humo.

Kisa hiki hudhihirisha jinsi mizani inavyoweza kupindwa makusudi. Mtungaji anayeuza njia ya mkato hupata faida barabara kuu inapokuwa ndefu na yenye kuchosha. Ugumu haupimwi tena kwa kile mchezaji anachoweza kujifunza, bali kwa kiwango cha uchovu kitakachomfanya atoe fedha. Kwa kijana wa Kipevu, ambaye tayari amelipia bando na kuvumilia umbali wa seva, hiyo ni bei ya tatu. Naye hapewi jibu la kitendawili, huambiwa tu kuwa mwenzake alinunua.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, yapo maswali matatu ambayo mchezo wowote, wa ubaoni au wa mtandaoni, unapaswa kuyajibu. Je, aliyeshindwa anaweza kueleza kwa nini ameshindwa? Je, kushindwa kwake kumemwongezea ujuzi? Je, anaporudi, anarudi kwa hiari au kwa sababu hataki kupoteza alichokwisha kukilipia?

Maswali haya si ya wahandisi peke yao. Bao lina historia ndefu katika fasihi ya Mombasa. Muyaka bin Haji mwenyewe ana shairi liitwalo "Bao Naligwa". Lina pia istilahi zake kamili: namua, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi, takata. Utafiti wa Alex de Voogt kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, uliochapishwa mwaka 1995, unaonyesha kuwa mchezo huu unastahili uchambuzi wa kitaaluma. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeshirikiana na mtunga programu kuliingiza bao katika simu atakuwa na kazi zaidi ya kutafsiri vibonyezo. Itambidi ahakikishe kuwa bao la kujifunza limewekwa mlangoni, kwamba limbukeni anaambiwa anacheza na nani, na kwamba hakuna duka la kuuza kete ya 33.