Matone kwa Hesabu: Habari ya Dripu, kutoka Vugiri hadi Muheza

Huko Vugiri, katika milima ya Usambara ya Magharibi, ambako mashamba ya chai yako juu na nchi kavu ya Korogwe na Handeni imetandaa chini, mgonjwa aliyezidiwa hana budi kuteremshwa kwa njia ya mapindi mengi hadi hospitali ya Magunga, mjini Korogwe, na jamaa zake, wakishamlaza kitandani, aghalabu hawaulizi amepatikana na maradhi gani, bali huuliza, "Nesi, mbona hajatundikiwa dripu?"

Imani hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1832 tabibu Thomas Latta wa Leith, Uskoti, aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mshipani, na baadhi yao waliokwisha kukatiwa tamaa wakaketi na kusema. Walakini chupa ya dripu, yenye gramu 9 za chumvi katika lita moja, ni dawa kamili, yenye kipimo chake na madhara yake. Nusu lita ikiamriwa iishe kwa saa nne, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, muuguzi husimama kando ya kitanda, saa mkononi, akahesabu hadi matone 42 kwa dakika, huku akisogeza kigurudumu cha mpira kidogo kidogo. Kisha hurudi kuhesabu tena, maana mgonjwa akikunja kiwiko matone husita, na akikinyoosha huenda yakakimbia.

Na madhara ya kukimbiza maji yalithibitishwa hapa hapa mkoani Tanga. Hospitali Teule ya Muheza ilishirikiana na hospitali za Kenya na Uganda katika utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, ambamo watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vyema, zaidi ya nusu yao wakiwa na malaria, waligawanywa kwa kura: wengine wakamiminiwa maji mengi kwa haraka, kama ilivyokuwa desturi katika nchi tajiri, wengine wakapewa ya kiasi, taratibu. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya kutimia, kwa kuwa katika saa 48 za mwanzo walifariki watoto zaidi ya 10 katika kila mia ya waliomiminiwa, ilhali kwa wenzao walikuwa 7 na ushei. Ubishi ukawa mkubwa, hasa miongoni mwa matabibu waliozoea kinyume chake, na Shirika la Afya Duniani lilikawia hadi mwaka 2016 kurekebisha mwongozo wake. Mimi naona ni haki wauguzi wa Tanga wajue kwamba fundisho hilo kubwa liliandikwa kwa jasho la wodi zao.

Hadhari moja: watoto wa kuharisha hawakuingizwa katika utafiti ule. Aliyekaukiwa kwa kuhara, macho yakadidimia na ngozi ikifinywa hairudi upesi, yeye maji ya mshipani humwokoa. Tena hapotezi maji matupu, bali na potasiamu, ambayo katika damu hutakiwa iwe baina ya 3.5 na 5 kwa kipimo cha maabara. Ikipungua, viungo hulegea na tumbo hujaa. Ikizidi, moyo husimama. Ndiyo sababu potasiamu haisukumwi kwa sindano moja kwa moja mshipani hata siku moja, sharti ichanganywe katika chupa na iingie polepole.

Ama yule ambaye bado aweza kumeza, hana haja ya kungoja gari. Pakiti ya ORS, yaani unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, huchanganywa katika lita moja ya maji safi, na mama aanze kumnywesha mtoto kwa kijiko hapo hapo Vugiri, aendelee njia nzima ya kuteremka. Na mtoto akitapika, angoje dakika kumi, kisha aanze tena, polepole kuliko kwanza.