Gramu 40 Ndani ya Pipa la Unga

Mjamzito anayehudhuria kliniki, iwe Uyole jijini Mbeya au Ipogolo mjini Iringa, hupewa vidonge vya kuongeza damu. Shirika la Afya Duniani linashauri apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 ya asidi ya foliki, ambayo husaidia kumkinga mtoto na tatizo la mgongo wazi. Vyote viwili hukaa ndani ya kidonge kimoja.

Kazi ngumu iko kiwandani. Tuseme toleo moja lina vidonge 100,000, kila kimoja kikiwa na miligramu 200 za ferasi salfeti. Hizo ni kilo 20 za chumvi ya chuma, na asidi ya foliki inayohitajika ni gramu 40 tu. Gramu hizo lazima zienee sawasawa, kila kidonge kipate fungu lake.

Gramu hizo hazimwagwi zote kwa mkupuo. Huchanganywa kwanza na unga mwingine wa kiasi kilekile, kisha mchanganyiko unaongezwa maradufu hatua kwa hatua, mpaka unaingia kwenye pipa kubwa, mara nyingi lenye umbo la V, linalozungushwa kwa dakika zilizopangwa. Kuzidisha muda hakusaidii: chembe za ukubwa tofauti zinaweza kuanza kutengana, na kilainisho, unga unaozuia vidonge kunata kwenye mashine, kikichanganywa kupita kiasi vidonge hutoka laini au huchelewa kuyeyuka tumboni.

Utajuaje kama unga umechanganyika? Mtaalamu huchukua fimbo ndefu ya chuma yenye vitundu, huichomeka ndani ya unga vitundu vikiwa vimefungwa, huizungusha vifunguke na kujaa, huvifunga tena, kisha huichomoa. Kwa kawaida huchota sehemu 10 hivi: juu, katikati, chini, pembeni na karibu na mlango wa kutolea unga, tatu tatu kila sehemu. Kila sampuli hupimwa peke yake maabara.

Kiasi kinachochotwa kilishawahi kufikishwa mahakamani. Mwaka 1993, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya kampuni ya Barr Laboratories, Jaji Alfred Wolin wa New Jersey aliamua kwamba sampuli ya unga isizidi mara tatu ya uzito wa kidonge. Ukichota nyingi, palipozidi dawa panafidia palipopungua, na kasoro inafichika ndani ya wastani.

Fimbo yenyewe nayo ina hila. Ikishuka huburuta unga wa juu hadi chini, na unga unaoteleza kirahisi huwahi kuingia kwenye vitundu. Maabara inaweza kupima kwa usahihi kabisa sampuli isiyowakilisha kilichomo pipani.

Hata pipa likiwa sawa, safari ya kwenda kwenye mashine ya kukandamiza vidonge huleta mtihani mwingine. Unga ukitikiswa, chembe ndogo na kubwa hujitenga kama chenga na unga kwenye ungo. Kidonge kikishakandamizwa, hata lori likipanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa, hakuna kinachotengana tena ndani yake. Kwa hiyo vidonge navyo huokotwa tangu mashine inapoanza hadi inapomaliza.

Dawa iliyomo kwenye kidonge ikiwa chini ya miligramu 25, au chini ya robo ya uzito wa kidonge, vidonge 10 hupimwa kimoja kimoja. Matokeo yasiporidhisha, huongezwa 20. Kuvisaga pamoja hakutoshi, kwa sababu wastani huficha kasoro. Mfano ni digoksini, dawa ya moyo: kwa kawaida huwa mikrogramu 250 kwa kidonge, na kipimo kinachotibu hakiko mbali na kinachodhuru.

 Nchini Tanzania, usimamizi wa ubora wa dawa uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye ofisi ya kanda Mbeya. Mkaguzi wa kiwanda cha vidonge hufungua kumbukumbu za toleo: fimbo iliingia wapi, ilichota kiasi gani, kila sampuli ilionyesha nini. Moja kati ya 30 ikitoka nje ya mipaka, kiwanda lazima kieleze kwa maandishi kama kosa ni la pipa, la fimbo au la maabara, kabla toleo halijaruhusiwa kutoka ghalani.