Nani Ashike Mizani? Watafiti wa Akili Unde na Mkulima wa Kiloleli

Wazee wa pamba wa Usukumani wanaijua vizuri habari ya mizani. Kabla ya vyama vya ushirika, mkulima alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma uzito, ndiye aliyetaja malipo. Mkulima alitoa jasho msimu mzima, lakini siku ya mwisho hakuwa na njia ya kujua ratili zake ni ngapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na akina Paul Bomani, walianza kuweka watu wao wenyewe wa kusimamia upimaji. Kisha wakajenga vyama vyao vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria.

Wakulima wale hawakusema kwamba mizani ni kitu kibaya. Mizani ni chombo tu. Waliuliza: nani anaishika, na nani anajua kuisoma? Swali hilo limerudi leo kwa sura mpya, na hapana budi makada na wanafunzi walielewe.

AKILI UNDE NI NINI?

Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili bandia, ni fani ya kuzifanya mashine zitende kazi ambazo tumezoea kuona zikihitaji akili ya mtu: kutambua picha, kuelewa maneno, kukisia jambo litakalotokea. Jina la fani hiyo lilitolewa na wanasayansi wa Marekani mwaka 1955, walipokuwa wakiandaa mkutano uliofanyika Dartmouth mwaka 1956.

Hakuna uchawi ndani yake. Zamani mtaalamu aliiandikia mashine kanuni moja moja. Siku hizi, kwa sehemu kubwa, mashine hupewa mifano mingi. Huonyeshwa maelfu ya picha za majani, na kila picha imeandikiwa jibu lake: hili ni zima, hili lina ugonjwa. Mashine hukisia, hukosea, hesabu zake hurekebishwa kidogo, hukisia tena. Baada ya kurudia hivyo mara nyingi sana, hupata uwezo wa kutambua jani ambalo haijapata kuliona.

Jambo kubwa la kushika ni hili: ujuzi wa mashine hutokana na kazi ya watu. Yuko aliyelima shamba, yuko aliyepiga picha, yuko aliyekaa kutwa akiandika majibu. Mashine ikisema, ni jasho la watu hao linalosema.

WATAFITI WANAFANYA NINI?

Kazi ya kutafuta njia mpya za kuzifunza mashine hufanywa na makampuni makubwa, lakini pia na wahadhiri na wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika vyuo vikuu. Mwanafunzi wa uzamivu hachukui masomo tu. Kwa miaka kadhaa hushika swali moja ambalo halijajibiwa, akalitafutia jibu na kulitetea mbele ya wataalamu.

Afrika ya Mashariki ina watafiti wa namna hiyo. Katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, Dina Machuve na wenzake walikusanya picha za kinyesi cha kuku kutoka Arusha na Kilimanjaro, wakaifunza mashine kutambua dalili za kideri na magonjwa mengine. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kina maabara ambayo imefanya kazi kwa miaka mingi juu ya magonjwa ya mihogo. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina maabara ya akili unde kwa maendeleo, iliyosaidiwa kwa fedha za Kanada na Sweden. Na tangu mwaka 2019 watafiti kutoka nchi nyingi za Afrika wameungana katika umoja wa Masakhane, neno la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja, ili mashine zijue lugha zetu.

Kwa hiyo anayedhani kwamba elimu hii ni ya wageni peke yao anajidanganya. Vijana wetu wanaiweza. Tatizo liko mahali pengine.

MIGONGANO ILIYOPO

Tuchukue mfano. Tuseme mtafiti anafika Kiloleli, mkoani Simiyu, pamba ikiwa imeanza kutoa vitumba. Anaomba kupiga picha za majani yaliyoshambuliwa na chawajani. Wakulima wanamkaribisha, wanamwonyesha mashamba, wanamweleza wanayoyajua. Mtafiti anaondoka na picha zake. Je, baada ya hapo kinatokea nini? Hapa ndipo migongano mitatu inapojitokeza.

Kwanza, mgongano wa malipo. Mtafiti hupimwa kwa makala alizochapisha katika majarida ya kimataifa, tena kwa Kiingereza. Hapimwi kwa mkulima aliyeokoa pamba yake. Anaweza kupata shahada yake kwa heshima zote, na Kiloleli isisikie habari yake tena. Tusimlaumu kijana peke yake, kwani anafuata kipimo alichowekewa. Kipimo chenyewe ndicho kinachohitaji kurekebishwa.

Pili, mgongano wa maabara na shamba. Mwaka 2017 watafiti waliotumia picha 2,756 za mihogo zilizopigwa nchini Tanzania walitangaza kwamba mashine yao ilitambua magonjwa kwa usahihi wa asilimia 93. Utafiti uliofuata mwaka 2019 ulionyesha kwamba mashine ya namna hiyo ilipowekwa katika simu na kupelekwa shambani, uwezo wake ulishuka, hasa dalili zilipokuwa bado changa. Na dalili changa ndizo mkulima anazohitaji kuzijua mapema. Vivyo hivyo kwa pamba: jani laweza kuwa jekundu kwa sababu ya chawajani, na laweza kuwa jekundu kwa sababu ya udongo uliochoka. Mashine iliyofunzwa kwa picha za nchi nyingine haiujui udongo wa luseni. Mkulima anaujua. Asipoulizwa, mashine itamshauri anunue dawa ambayo haitamfaa kitu, na hasara itakuwa yake, si ya mtafiti.

Tatu, mgongano wa umiliki. Wako wasemao kwamba picha na sauti zikiwekwa wazi kwa watu wote, haki imetendeka. Hoja hiyo ina ukweli, kwani bila uwazi huo vyuo vyetu visingepata hata mahali pa kuanzia. Lakini kisima kilicho wazi humnufaisha zaidi mwenye ndoo kubwa. Kufunza mashine kubwa kunahitaji mitambo ya gharama kubwa mno, na mitambo hiyo iko mikononi mwa makampuni machache ya nchi tajiri. Tukitoa malighafi bure na kununua bidhaa kwa bei ya mwenye kiwanda, tutakuwa tumerudia habari ya pamba ghafi na nguo ya dukani.

Lugha nayo ni sehemu ya umiliki. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa mashine ya kutafsiri lugha 200. Kiswahili kimo, Kikuyu kimo, Kikamba kimo. Kisukuma, chenye wasemaji mamilioni, hakimo. Bibi wa Kiloleli ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu hawezi kuiuliza mashine hiyo neno lolote kwa lugha yake.

FUNDISHO LA MWAKA 1974

Wako watakaosema: basi tuikatae. Njia hiyo tuliwahi kuijaribu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya mahesabu ilipoharibika, nasi tukiwa hatuna wataalamu wa kutosha wa kwetu, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Hofu ile ilikuwa na sababu, lakini marufuku haikuzalisha mtaalamu hata mmoja. Dunia ilikwenda mbele, nasi baadaye tukaanza kujifunza tukiwa nyuma. Chombo usichokijua hukitawali kwa kukifungia mlango.

WAJIBU WETU

Mtafiti ana wajibu wa kurudi. Matokeo yake ayaeleze kwa Kiswahili, na panapohitajika kwa Kisukuma, mbele ya mkutano wa kijiji uleule uliompa picha. Aseme mashine inaweza nini, na aseme bila kuficha inakosea wapi.

Vyuo vina wajibu wa kubadili kipimo, ili kurudisha matokeo kwa wananchi kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi ya kisomi, na si hisani baada ya kazi.

Kada wa shina na tawi ana wajibu wa kuuliza kabla ya kukubali: picha hizi zinakwenda wapi? Nani atazitumia? Sisi tutapata nini? Ikiwa zinachukuliwa sauti, nyuso au majina ya watu, ajue kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kuuliza hivyo si kumfukuza mgeni. Ni kumkaribisha kwa macho yaliyo wazi.

Mwanafunzi ana wajibu wa kusoma hisabati kwa bidii. Atakayelalamika kuhusu mashine bila kuzijua hesabu zake atabaki kama mkulima wa zamani mbele ya mizani: anaona mshale unacheza, lakini hajui unasema nini.

Wakulima wa pamba waliposhinda, hawakushinda kwa kuvunja mizani ya mnunuzi. Walishinda kwa kumweka mtu wao kando yake, mtu aliyejua kusoma na aliyejua atawajibika kwa nani. Mtafiti wa akili unde anayetoka miongoni mwetu ndiye mtu huyo wa leo. Tumsomeshe, tumpe nyenzo, na tumdai hesabu.