Jalada la Mchimbaji Hufungwa Lini?

Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi la mawe yenye silika, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi ya kazi ya vumbini, na huweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi hiyo. Mchimbaji aliyechoronga mwamba Geita mwaka 2000 huenda akaanza kubanwa kifua leo, akiwa mkulima. Kivuli katika picha yake ya eksirei hufanana na cha kifua kikuu, na pasipo picha ya zamani ya kulinganisha anaweza kupewa dawa za kifua kikuu asichokuwa nacho. Hatari ya kinyume ipo pia, kwani silikosisi huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu cha kweli.

Kupatikana kwa picha hiyo hutegemea namna kituo kinavyozifikiria kumbukumbu. Mtazamo uliozoeleka katika masijala zetu huufananisha waraka na kiumbe chenye maisha: huanza kama kumbukumbu hai, hugeuka kumbukumbu tuli, kisha wenye thamani ya kudumu huhifadhiwa kuwa nyaraka na uliobaki huteketezwa. Mtazamo huu hupunguza mlundikano, na aliyewahi kutafuta jalada katika chumba kilichojaa hadi darini hatalidharau jambo hilo. Kasoro yake ni kwamba umri wa jalada huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mara ya mwisho, ilhali ugonjwa wa vumbi huhesabu tangu vumbi lilipovutwa.

Katika miaka ya 1990 Frank Upward, wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, alieleza mtazamo wa mwendelezo. Kwa mujibu wake, waraka hauvuki mpaka kutoka uhai kwenda historia. Tangu unapoandikwa ni chombo cha kazi na ushahidi kwa wakati mmoja. Mwandishi wake, basi, hujiuliza mapema: nani mwingine atauhitaji, na je, atauelewa?

Katika ukanda huu swali hilo ni zito. Bukombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012; jalada la 2008 lililopangwa kwa jina la mkoa pekee halitaonekana kwa anayetafuta Geita. Mchimbaji mdogo naye huhama kila rashi mpya inapotokea, wala hana mwajiri wa kumpima afya. Kwake, jalada la zahanati huenda likawa shahidi pekee. Aliyeajiriwa anaweza kudai fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, lakini sharti ithibitishwe kuwa ugonjwa ulitokana na kazi.

Kwa sababu hiyo neno "mchimbaji" peke yake halitoshi katika jalada. Iandikwe kazi yenyewe, kama ni kuchoronga, kulipua au kusaga mawe kwenye karasha, miaka aliyoifanya, jina la machimbo, kijiji, kata na wilaya. Mgonjwa naye aombe nakala ya majibu ya eksirei, na anayeachishwa kazi mgodini adai majibu ya vipimo vya kuondokea, ayatunze mahali pakavu pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake.