Kompyuta Iliyoamriwa Kupunguza Mwendo: Vumbi, Hewa na Umeme wa Goma

Uzito wa kompyuta ni wa namna mbili, na watu wengi huuita kwa jina moja bila ya kupambanua. Upo ule unaokuja taratibu, mwaka baada ya mwaka, programu zikizidi kuwa kubwa na diski ikizidi kujaa, hata mwenye mashine akauzoea pasipo kutambua. Na upo ule unaoingia ghafula, ambapo jana barua ilifunguka mara moja, na leo kila herufi ichapwayo hungojewa hadi ionekane, na hata mashine ikizimwa na kuwashwa hali ni ile ile. Huu wa pili ndio ninaokusudia kuueleza, kwa kuwa mjini Goma nchini Kongo, kama mahali pengi, aghalabu hutibiwa kwa dawa ya ule wa kwanza: kompyuta mpakato hupelekwa kwa fundi, Windows hufutwa na kuwekwa upya, mwenye mali hulipa, baadhi ya picha na nyaraka zake hupotea, na baada ya siku chache uzito hurejea kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Hakika ya mambo ni kwamba kompyuta iliyopungua kasi kwa ghafula na kudumu katika hali hiyo, mara nyingi haikuchakaa. Imeamriwa kupunguza mwendo, na amri hiyo hutoka ndani yake yenyewe kwa ajili ya kujihami. Kazi ya mchunguzi, basi, si kufuta, bali ni kumtafuta aliyetoa amri.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na katika mashine za siku hizi mapigo hayo hupata bilioni mbili, tatu au zaidi kwa kila sekunde, ambayo mafundi huyahesabu kwa gigahezi. Kila pigo hula umeme na kuugeuza joto. Na volteji ikiongezwa ili mapigo yaende mbio zaidi, joto huzidi kwa kiasi cha mraba wa volteji hiyo. Waundaji, wakilijua hilo, wametia vipima joto ndani ya prosesa yenyewe, na kikomo, ambacho katika prosesa nyingi za Intel ni nyuzi 100 za Selsiasi au karibu yake, kikifikiwa, mapigo hupunguzwa papo hapo bila ya mwenye mashine kuulizwa wala kuarifiwa.

Sasa tuitazame Goma. Mji huu umekaa juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,500, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Unguja kwa karibu sehemu moja katika saba, hata feni ikizunguka kwa kasi ile ile hubeba hewa pungufu na joto pungufu. Lakini insafu yataka isemwe kwamba hewa hiyo ni ya baridi kuliko ya pwani, na baridi yake hufidia wepesi wake. Kimo peke yake hakiwezi kulaumiwa. Wa kulaumiwa zaidi ni vumbi. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava yake ilipita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu, na juu ya mawe hayo meusi mji ukajengwa upya. Mitaa mingi ni lava tupu, inayosagwa kila siku na malori, pikipiki na chukudu, yaani baiskeli za mbao za kusukuma, mpaka ikawa unga mweusi wenye chembe ngumu, unaopenya milango iliyofungwa na kulala juu ya kila meza.

Ifungue mashine iliyotumika Goma miaka michache bila ya kusafishwa, utaona kwamba mapezi membamba ya shaba au ya alumini, ambayo feni huyapulizia hewa, yamezibwa kwa upande wa ndani na utando wa vumbi uliochanganyika na nyuzi za nguo, mweusi, mnene, unaobanduka kwa kipande kimoja kizima. Utando huo haukuumbika kwa siku moja, na hapa ndipo ilipo siri ya neno ghafula: kwa muda wote vumbi lilipokuwa likiongezeka, feni ililipa deni hilo kwa kuzunguka mbio zaidi, na mwenye mashine hakuona tofauti ila kelele, hata siku feni ilipofika mwisho wa nguvu zake, kikomo cha joto kikavukwa, na kasi ikaanguka. Sababu ilikuja polepole, matokeo yakaja kwa mara moja. Dawa yake ni brashi laini, huku feni imezuiliwa kwa kidole isizunguke, betri imechomolewa, na ule ute wa kupitisha joto uliokauka juu ya prosesa umefutwa na kupakwa mpya.

Yamkini hata hivyo mashine ni baridi kabisa, feni imetulia, na uzito ungalipo. Hapo amri imetoka kwenye umeme. Katika ubao wa kompyuta upo waya wa ishara ambao kwa asili yake ni wa prosesa kutangaza joto lake, lakini umefanywa uweze kupitisha habari kwa upande wa pili pia, yaani sehemu nyingine za ubao ziiambie prosesa: punguza. Chaja isipotambuliwa, au betri ikiwa mbovu, ishara hiyo huweza kutolewa, na prosesa ya gigahezi tatu ikafungwa kwenye gigahezi 0.8 au hata 0.4, ikae hapo mchana na usiku. Katika chaja nyingi za Dell mna pini nyembamba katikati ya kichwa cha waya, ambayo haipitishi nguvu yoyote ya kuendesha mashine. Kazi yake ni kuitambulisha chaja tu. Ikipinda au ikivunjika, au chaja ikiwa ya bandia, taa itawaka, lakini betri huenda isijazwe, na mwendo utakuwa umeshikwa. Katika mji ambao umeme hukatika na kurudi, na jenereta ndogo huchukua zamu, chaja na betri huteseka kuliko kifaa kingine chochote.

Jaribio la chaja ni rahisi: ing'oe chaja, uitumie mashine kwa betri peke yake, kasi ikirejea, mshitakiwa umempata.

Diski nayo haisahauliki. Ile ya kuzunguka, ambayo katika kompyuta mpakato nyingi huenda mara 5,400 kwa dakika, ikipata sehemu mbovu huisoma na kuirudia tena na tena, na kazi zote hungoja. Dalili yake ni diski kuonyesha asilimia 100 ilhali kinachosomwa ni kidogo mno. Hapo usifute wala usiweke chochote upya: nakili faili zako kwanza, kisha ununue diski isiyozunguka. Virusi vipo pia, hasa vya kutoka kwenye flashi za kuazimana, lakini hivyo hujionyesha kwa prosesa kuwa na shughuli nyingi ilhali wewe hufanyi lolote.

Yote haya yaonekana bila ya bisibisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji (Performance), uangalie gigahezi wakati mashine ina kazi. Zikianza juu na kushuka baada ya dakika chache, ni joto. Zikiwa chini tangu mwanzo na hazipandi kamwe, ni chaja au betri. Zikiwa juu na mashine bado nzito, tazama diski na kumbukumbu (RAM). Basi, ndugu msomaji, fundi akikuambia kwamba lazima Windows iwekwe upya, mwombe kwa adabu akuonyeshe tarakimu hizo kwanza, na usimlipe mpaka akuonyeshe tena kwamba zimebadilika.